Leo Hatuna Samaki

Watu wa Kigongo walilingoja daraja kwa miaka. Waliliombea kanisani, wakalipigia vigelegele siku lilipofunguliwa, na kabla wiki haijaisha wakagundua kwamba limewaondolea wateja wote. Hakuna aliyethubutu kulilaumu. Utalilaumuje daraja? Mgonjwa wa Sengerema sasa anafika hospitali ya Mwanza bila gari kuzima injini kungoja kivuko, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Ila gari lisilozima injini halina abiria wa kuteremka kula samaki.

Yeremia alikuwa miongoni mwa waliopiga makofi, tena alipiga mpaka viganja vikamuuma. Mkewe, Ng'washi, ambaye kila mtu alimwita Mama Kija kwa jina la binti yao aliyekuwa akisoma bweni, alikuwa na kibanda cha chakula kando ya barabara inayoteremka kivukoni. Yeremia ndiye aliyekwenda mwaloni alfajiri kuchukua samaki kwa wavuvi, akawaparua magamba, akachota maji na kuwasha mkaa. Mkewe alikaanga. Waliishi hivyo miaka mingi na hawakuwahi kumwita mteja hata mmoja. Wamwite wa nini? Kivuko kikiwa ng'ambo, upande wa Busisi, foleni ya magari ilirefuka mpaka kule juu kwenye kona, na watu walikuwa humo na njaa yao, hawana pa kwenda.

Ndiyo maana wauzaji wa Kigongo walikuwa na mazoea ambayo wenyewe hawakuyaona kuwa ni mazoea. Mteja akiuliza kama sato wapo, jibu lilikuwa moja tu: "Wapo jikoni." Wawe jikoni kweli, wawe kwenye ndoo, wawe bado wanaogelea ziwani, walikuwa jikoni. Mteja angesubiri, kwani angefanya nini? Angeruka maji? Yeremia alilisema neno hilo tangu akiwa kijana, na hakuna mtu aliyewahi kumwita mwongo kwa ajili yake.

Ng'washi peke yake alikuwa na ulimi wa namna nyingine, na ulimi huo ulimkera mumewe kuliko anavyopenda kukumbuka. Madereva walikuwa wakimpigia simu kutoka barabarani: "Mama Kija, foleni ikoje huko?" Mfanyabiashara mwenye akili zake angejibu kwamba foleni ni fupi, njooni. Yeye alitoka nje ya kibanda, akachungulia juu na chini, kisha akasema alichokiona. "Leo msije huku, mtalala. Zungukeni kivuko cha Kamanga." Yaani anawafukuza watu wenye njaa, kwa simu yake, kwa sauti tamu kabisa. Yeremia alikuwa akimsikia akiwa na samaki mkononi, akitikisa kichwa.

Kwa hiyo daraja lilipofunguliwa, simu ya Ng'washi ilikuwa imejaa majina ya ajabu. Fuso ya Geita. Sista wa Katoro. Mwalimu Mpole. Revocatus Kosta. Watu ambao hakuwajua vizuri na ambao sasa hawakuwa na sababu ya kumpigia, maana foleni yenyewe haipo. Dorotea wa chapati, jirani yao, alifungasha jiko lake akaenda kujaribu bahati Usagara. Wengine wakamfuata. Barabara ya kivukoni ikawa kimya, na mbuzi wakaanza kulala katikati yake bila wasiwasi.

Asubuhi moja Ng'washi aliketi kwenye kigoda nyuma ya kibanda, akashika simu mbele ya mdomo kama mtu anayetaka kuinywa, akasema:

"Mwangaluka, ndugu zangu. Ni mimi Mama Kija wa Kigongo, barabara ya kivuko cha zamani. Leo tuna sato wakubwa kutoka mtumbwi wa Mzee Ngosha, na sangara wa kuchemsha. Ndimu zipo, pilipili ipo. Ukikaribia daraja, usipande, teremka kushoto. Atakayepita apite salama."

Akautuma ujumbe huo wa sauti kwa majina yote kwa wakati mmoja. Kisha akainuka, akafunga kanga vizuri, akaanza kukata nyanya za kachumbari kana kwamba nje kuna foleni.

"Umewatumia watu wote hao?" Yeremia aliuliza.

"Wote."

"Na wale ambao hawajui wewe ni nani?"

"Wanajua. Walikuwa wananipigia."

Siku hiyo hakuja mtu. Kesho yake akatuma tena, na keshokutwa. Maneno yalibadilika kidogo, salamu ile ile mwanzoni, kwaheri ile ile mwishoni, na katikati habari za samaki wa siku hiyo. Wiki zikapita. Siku nyingine anakuja dereva mmoja, siku nyingine wawili, siku nyingine mbuzi tu. Ng'washi hakuruka asubuhi hata moja, na sauti yake haikupungua. Yeremia aliona aibu. Akienda mwaloni, wavuvi walimwamkia kwa kuiga: "Mwangaluka, ndugu zangu!" Naye alicheka nao, maana ukikasirika utataniwa zaidi, lakini moyoni alitamani ardhi ipasuke.

Kilichomkera zaidi ni siku za upepo. Ziwa likichafuka, mitumbwi hairudi na kitu, na kibanda hakina cha kuuza. Mtu mwenye haya zake siku kama hiyo anakaa kimya. Ng'washi aliketi kwenye kigoda chake vilevile.

"Mwangaluka, ndugu zangu. Ni mimi Mama Kija wa Kigongo. Leo hatuna samaki. Ziwa limechafuka tangu usiku na mitumbwi imerudi mitupu. Kuleni huko huko mliko, msije mkasumbuka. Kesho nitawaambia. Atakayepita apite salama."

Yeremia safari hiyo hakuvumilia. "Mama Kija, tangazo gani hilo? Unatangaza kwamba huna?"

"Ndiyo habari ya leo."

"Si unyamaze tu?"

Ng'washi alimtazama kwa namna ya mtu anayetafuta pa kuanzia. Halafu akamkumbusha habari za marehemu baba yake, ambazo Yeremia alizijua, kwani alikuwepo. Baba yake alikuwa manju katika kundi la ngoma la Bagalu. Baada ya mavuno, Bagalu na Bagika hukutana uwanja mmoja, kila kundi linapiga ngoma yake kwa wakati ule ule, na watu hukimbilia kule wanakofurahishwa. Kundi lenye watu wengi ndilo lenye ushindi. Mwaka mmoja wenzao walikuja na chatu. Wakamtoa kwenye kapu, na uwanja mzima ukahamia upande wa pili. Upande wa baba yake akabaki bibi mmoja ambaye miguu ilikuwa inamuuma, asingeweza kukimbia.

"Na wewe ulikuwa unamtazama chatu," Ng'washi alisema.

"Nilikuwa kijana. Ningeacha kumtazama chatu?"

"Mimi nilikuwa nawapelekea maji. Baba alicheza kwa yule bibi kama anachezea mkoa mzima. Wachezaji wake wengine walitaka kupumzika, akawakatalia. Chatu akachoka, wakamrudisha kwenye kapu, watu wakageuka kutafuta cha kutazama. Wakakuta sisi bado tunacheza."

Akaingia ndani kuosha sufuria ambazo hazikuwa na uchafu. Yeremia alibaki nje akijikuna shingo. Alikumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliogeuka siku ile, na kwamba aliporudi upande wa Bagalu ndipo alipomwona msichana mwenye kibuyu cha maji. Lakini kumbukumbu haijazi sufuria.

Katikati ya hali hiyo ndipo Chenge, kaka yake Yeremia mwenye duka la vifaa vya ujenzi Igoma, alipompigia simu. Kulikuwa na fremu ya duka imebaki wazi jirani yake, barabara ya Musoma, watu wanapita kutwa. Mwenye nyumba alikuwa tayari kuwapa kwa masharti mepesi kwa heshima ya Chenge. Wauze mchele na unga, waachane na samaki na moshi. Ila fremu ya Igoma haikai wazi muda mrefu, kwa hiyo waamue.

Yeremia alimweleza mkewe akitarajia ugomvi. Haukuwepo. Ng'washi aliomba jambo moja. "Nipe mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Hali ikiwa hivi hivi, nenda kachukue ufunguo, nami nitakufuata bila manung'uniko." Yeremia alikubali haraka, kwani mwezi wenyewe ulikuwa umebaki nusu. Chenge naye akakubali kusubiri. Hivyo ndivyo kibanda cha Kigongo kilivyowekewa siku ya kufa, na mwenye kibanda akaendelea kuamka kabla ya jua kuwasalimia watu wasiojibu.

Kisha mama yake Ng'washi akaugua huko Magu. Ng'washi alichukua simu ndogo ya tochi, ile kubwa yenye majina akamwachia mumewe.

"Kila asubuhi," alisema akiwa tayari na mkoba begani. "Sema ulichonacho. Basi."

Yeremia alijitahidi. Asubuhi ya kwanza alirekodi na kufuta mpaka mkaa ukazimika. Sauti yake ilikuwa nzito na kavu, ya mtu anayesoma matangazo ya msiba, lakini ilikwenda. Ya pili ikawa afadhali. Asubuhi iliyofuata alifika mwaloni akakuta mtumbwi wa Mzee Ngosha haujarudi. Mtoto wa mzee alimwambia asihofu, baba atafika saa yoyote, na jana yake walipata wengi. Yeremia akarudi kibandani na sangara wachache wadogo, akashika simu, na ulimi wake ukafanya ulichozoea kufanya tangu ujana.

"Sato wapo," alisema. "Wengi, wakubwa. Wapo jikoni."

Wala hakuona kwamba amesema uongo. Kufikia mchana wangekuwa jikoni, tatizo liko wapi?

Tatizo lilifika kabla ya adhuhuri, ndani ya Kosta ya Revocatus. Alikuwa ametoka Sengerema na kwaya nzima inayokwenda kwenye tamasha mjini, wamevaa sare, wamevuka daraja, na badala ya kunyoosha wakakata kulia kuteremka barabara ya kivukoni. Mbuzi walikurupuka. Yeremia alisimama mlangoni akiwa na furaha na hofu kwa pamoja, maana hajaona watu wengi namna ile tangu enzi za foleni.

"Karibuni, karibuni. Wapo jikoni."

Waliketi. Wengine walikaa kwenye mawe kwa kukosa viti. Yeremia aliwapa maji ya kunawa, akawapa ndimu, akaenda nyuma ya kibanda kuchungulia ziwa. Hakuna mtumbwi. Akarudi akawaambia ni dakika mbili. Akaenda tena. Waimbaji waliimba wimbo mmoja kwa kujifurahisha, halafu wakanyamaza, na njaa ikaanza kuonekana usoni mwao. Zamani wangekaa tu. Zamani wangetazama kivuko kikija pole pole na kumsamehe kila kitu. Sasa daraja lilikuwa pale juu, magari yakipita moja baada ya jingine, na Revocatus alikuwa ameshaanza kuchezea funguo.

Mtumbwi wa Mzee Ngosha ulifika hatimaye, na ndani yake kulikuwa na Mzee Ngosha na nyavu zake.

Mwalimu wa kwaya, dada mmoja aliyeitwa Evelina, ndiye aliyeinuka kwanza. Hakufoka. Laiti angefoka, Yeremia angepata la kujibu. Alikunja kitambaa alichofutia mikono, akakiweka juu ya meza vizuri.

"Kaka, mngetuambia tungekula Sengerema. Tulipita hoteli nzuri tu tukaiacha, kwa sababu ya Mama Kija."

Revocatus aliondoka bila kupiga honi. Yeremia alibaki na maji ya kunawa na ndimu zilizokatwa, na kwa mara ya kwanza tangu daraja lijengwe alijua kwa hakika nini kilichobadilika Kigongo.

Ng'washi alirudi siku mbili baadaye, mama yake akiwa amepata nafuu. Yeremia alimsimulia kabla hajatua mkoba, kwani alijua habari za namna hiyo zikichelewa huoza. Alimwambia yote, hata lile la hoteli. Alisubiri hasira. Alikuwa amejiandaa hata kulipokea neno lolote gumu, na pengine kulitumia kama sababu ya kwenda Igoma mapema.

"Kwa sababu ya Mama Kija," Ng'washi alirudia pole pole. Hilo tu ndilo lililomwingia. Akakaa nalo mpaka chai ikapoa.

Asubuhi yake alikaa kwenye kigoda kama kawaida, akafungua simu, halafu akamnyooshea mumewe.

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyewaambia."

"Si useme wewe, wamekuzoea? Au tunyamaze wiki moja wasahau."

"Baba Kija, wakinisikia mimi watajua nimerudi. Wakikusikia wewe watajua kilichotokea."

Yeremia aliikamata simu ile kama samaki aliye hai. Alitazama ziwa. Lilikuwa limetulia kabisa siku hiyo, la kijivu, na ng'ambo Busisi moshi wa jiko la mtu ulikuwa unapanda. Akasema:

"Mwangaluka. Mimi ni Yeremia, mume wa Mama Kija. Majuzi niliwaambia sato wapo jikoni. Hawakuwepo. Walikuwa ziwani, na sikujua kama watatoka. Kwaya ya Sengerema iliondoka na njaa kwa ajili yangu mimi, si kwa ajili ya Mama Kija, yeye alikuwa anamuuguza mama yake. Dada Evelina, naomba radhi. Revocatus, naomba radhi. Leo tuna sangara. Sato hakuna. Atakayepita... apite salama."

Alitaka kuufuta ujumbe papo hapo. Kidole kilikuwa kinakwenda. Ng'washi aliichukua simu mkononi mwake bila haraka, akautuma, akaiweka kwenye mfuko wa aproni.

"Umesema vizuri," alisema, na Yeremia akaenda kuwasha mkaa.

Ukitaka hadithi inayopendeza masikio, hapa ndipo magari yangeanza kumiminika. Hayakumiminika. Siku hiyo hakuja mtu, na iliyofuata akaja mwendesha bodaboda aliyepotea njia. Revocatus hakujibu. Ng'washi aliendelea na asubuhi zake, na sasa Yeremia alikuwa akikaa naye pale nyuma, mara nyingine akitupia neno lake moja mwishoni kuhusu mkaa au mvua. Hakuwa na imani kwamba kuna anayesikiliza. Alikaa kwa sababu alikuwa ameanza kumtazama mkewe vizuri. Kila asubuhi mwanamke huyu aliwaambia watu ukweli kwa uchangamfu ule ule, akiwa na samaki au bila samaki, na hakuna aliyemjibu, na hakuona kwamba amedharauliwa. Yeremia alimjua miaka yote hiyo na hakuwa amejua kwamba amelala chumba kimoja na mtu wa namna hii. Alimwonea fahari, na fahari hiyo ilimtia uchungu, maana mwezi ulikuwa unaisha.

Siku yenyewe ilipofika, upepo ulivuma tangu usiku. Hakuna mtumbwi uliotoka. Yeremia alivaa shati lake la kanisani na kumwambia mkewe anakwenda.

"Nenda salama," Ng'washi alisema. "Msalimie shemeji."

Hakumwomba abaki. Ahadi ilikuwa ahadi. Yeremia alipanda gari la Usagara, akapita njia ya Kisesa, na kufika Igoma jua likiwa limeshachomoza sawasawa. Chenge alikuwa anahudumia wateja wa saruji. Yeremia akampa shikamoo, kaka yake akaitika na kumpa ufunguo. "Katazame mwenyewe. Ukiridhika, mchana tunakwenda kwa mwenye nyumba."

Fremu ilikuwa nzuri, hakuna haja ya kuisingizia. Sakafu ya saruji, mlango wa chuma, na barabarani watu kama siafu. Upande wa kushoto kulikuwa na saluni, mlango wazi, akina mama wamepangana kwenye benchi wakisubiri kusukwa. Mwenye saluni alikuwa mwanamke wa Kihaya, mnene, mcheshi, aliyeitwa Immaculata kama kibao chake kilivyosema. Yeremia alikuwa anajaribu kitasa wakati aliposikia Immaculata akiwaambia wateja wake wanyamaze.

"Tulieni kwanza, nimechelewa kumsikiliza Mama Kija."

Mkono wa Yeremia ulibaki kwenye kitasa.

"Mwangaluka, ndugu zangu," sauti ya mkewe ilisema kutoka juu ya kabati la mafuta ya nywele. "Ni mimi Mama Kija wa Kigongo, barabara ya kivuko cha zamani. Leo hatuna samaki. Upepo ni mkali, hakuna mtumbwi uliotoka, na mimi namshukuru Mungu kwamba haukutoka. Kuleni huko huko mliko. Baba Kija amekwenda mjini, kwa hiyo leo niko na mbuzi. Kesho nitawaambia. Atakayepita apite salama."

"Na wewe mama, upite salama," akina mama wa kwenye benchi waliitikia, wawili watatu kwa pamoja, kama waumini kanisani.

Yeremia aliegemea mlango wa chuma. Kesho nitawaambia. Alisema hivyo akijua kabisa mumewe amekwenda kuchukua ufunguo.

"Huyu ni ndugu yako?" mteja mmoja aliuliza humo ndani.

"Wala simjui," Immaculata alijibu. "Kaka yangu anaendesha lori la Bukoba, ndiye anayenitumia. Nilikuwa sisikilizi, samaki wa Kigongo wananihusu nini mimi niko Igoma? Halafu siku moja akanitumia ya mume wake. Hamkuisikia? Aliwadanganya watu wa kwaya, akasimama akasema, nimewadanganya, naomba radhi. Mwanaume mzima, kwa sauti yake. Nikasema, hawa ni watu wa namna gani? Tangu hapo sikosi. Krismasi tunakwenda nyumbani, ukoo mzima, tumekodi gari. Nimeshawaambia, hatuli popote mpaka kwa Mama Kija."

"Na mkikuta hana?"

"Atakuwa ametuambia asubuhi."

Yeremia hakuwa mtu wa machozi na hakutoa machozi, lakini ilimbidi atazame barabara kwa muda mpaka ikatulia machoni. Kisha akafunga mlango wa fremu, akakizungusha kitasa kuhakikisha, akasogea kwenye mlango wa saluni kwa sababu aliona ni utovu wa adabu kusikiliza habari zako na kuondoka bila salamu.

"Habari za hapa, akina mama."

Immaculata, aliyekuwa anaosha nywele za mteja, alikuwa ameinua kitana. Alikiacha hewani.

"Hebu salimia tena, baba."

"Nimesema habari za hapa."

"Nyamazeni," aliwaambia wengine, ingawa hakuna aliyekuwa anasema. Alimtazama Yeremia kuanzia shati la kanisani mpaka viatu. "Sauti hii naijua. Wewe si yule wa kwaya?"

"Ndiye mimi," Yeremia alisema.

Benchi zima lilimgeukia. Mmoja akafunika mdomo kwa kanga. Immaculata alitoka nje na povu la sabuni mikononi, akamshika mkono hivyo hivyo, akamtikisa kwa nguvu kama ndugu aliyerudi safari ya mbali. Halafu macho yake yakashuka kwenye ufunguo aliokuwa ameushika Yeremia, yakaenda kwenye mlango wa fremu, yakarudi.

"Mnahamia huku?"

Yeremia aliutazama ufunguo. Alimwona Ng'washi kwenye kigoda, upepo unampeperusha kanga, akiongea na uwanja mtupu.

"Hapana," alisema. "Nilikuja kumsalimia kaka."

"Afadhali." Immaculata alipumua. "Sasa tuambie, maana umetufikia mwenyewe. Dada yangu anavuka kesho na wifi zake. Sato watakuwepo?"

Neno lile la zamani lilipanda lenyewe mpaka kwenye meno. Wapo, dada, waje tu. Akina mama wote walikuwa wanamtazama, na ingekuwa rahisi sana.

"Sijui," Yeremia alisema. "Kesho asubuhi tutawaambia."

Saluni nzima iliangua kicheko, kicheko cha watu walioridhika, na Immaculata akapiga makofi kwa mikono yake yenye povu. Yeremia akawaaga, akaenda kumrudishia kaka yake ufunguo.